Mjane, binti yake na kibanda cha mianzi: konventi ya Koonammavu ilivyoanza 1866 (uzi mrefu kidogo)

Mwana_Kigango (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kila mada ya shule za misheni ikifunguliwa, India ikitajwa tu wote tunakimbilia kwa Mama Teresa wa Kolkata, au mtu anatuletea habari za meli ya Ulaya iliyojaa masista na masanduku ya vitabu. Meli zilikuwepo, sibishi. Lakini ipo nyumba moja ya masista kule India ambayo haikushushwa bandarini. Aliianza mjane wa palepale, na shule yake ikatoa mpaka mtakatifu. Kwa Kiswahili sijaona aliyeiandika, basi leo naimwaga. Asiye na muda aweke alama, arudi baadaye.

Mahali panaitwa Koonammavu, karibu na Varapuzha, kaskazini kidogo ya Kochi, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Ni nchi ya maji: mito, vijito, visiwa na minazi kila unakogeuka. Mtu wa Rufiji akitupwa pale atatafuta mtumbwi kwanza, maswali baadaye.

Tarehe 13 Februari 1866 wanawake wanne waliingia kwenye nyumba ndogo ya Koonammavu kuanza maisha ya utawa wa Karmeli, shirika la kale la Kikatoliki la watu wa sala. Kuta za nyumba hiyo zilikuwa majamvi ya mianzi iliyosukwa. Hakuna tofali, hakuna jiwe. Vyumba vichache vya kulala, pa kulia chakula, pa kupokelea wageni, pa kusalia, basi. Hiyo ndiyo konventi.

Wanne hao walikuwa Eliswa Vakayil, mjane wa miaka 34. Anna, binti yake wa kumzaa. Thresia, mdogo wake Eliswa. Na wa nne aliitwa Clara. Yaani robo tatu ya shirika zima ilikuwa mama, mtoto na mama mdogo.

Eliswa alizaliwa Oktoba 1831 Ochanthuruth, kwenye kisiwa cha Vypin, katika familia yenye nafasi na heshima yake. Mwaka 1847 akaolewa na Vatharu Vakayil. Mwaka 1850 akajifungua Anna. Mwaka 1851 mume akafariki. Hebu mtazameni hapo: msichana wa miaka 20 hivi, mtoto mkononi, na wakubwa wa ukoo wanataka aolewe tena. Akagoma. Si kugoma kwa kelele, alikataa tu na akaendelea kukataa kwa zaidi ya miaka kumi. Siku zake akazipanga kwa sala, kumlea Anna na kusaidia maskini wa jirani. Mdogo wake Thresia akavutiwa na mtindo huo, wakawa wawili.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na pa kwenda. Kerala ya Wakatoliki wakati huo ilikuwa na mapadre na watawa wa kiume, ila nyumba ya watawa wa kike wazawa haikuwepo. Mwanamke aliyetaka maisha hayo alibaki nyumbani kwao, akisubiri kuolewa au kuzeeka.

Naendelea chini, nitafune kitu kwanza.

Kobe_Mzee

Siti ya mbele nimeshakaa. Mkuu usituache njia panda kama ule uzi wako wa reli.

Mama_Jeni

Mwana_Kigango, swali kabla hujafika mbali. Mjane mwenye mtoto anaruhusiwa kuwa sista? Mimi nilidhani lazima uingie ukiwa msichana. Na huyo Anna alikuwa na miaka mingapi?

Mwana_Kigango

Dada Mama_Jeni, anaruhusiwa. Kifo cha mume kinafungua kifungo cha ndoa, na wajane wamo kwenye historia ya mashirika mengi tu. Ugumu huwa kwenye malezi: mtoto mdogo ana haki kwa mama yake kabla ya nadhiri. Anna alizaliwa 1850, kwa hiyo 1866 alikuwa msichana wa miaka 15 au 16, umri ambao wenzake wa pale walikuwa wameshaolewa.

Sasa tuje kwa wanaume wa kisa hiki, maana wapo na watatuletea ugomvi baadaye.

Koonammavu palikuwa na kanisa na monasteri. Eliswa alikwenda kusali na kuungama pale, na padre aliyemsikiliza alikuwa Leopold Beccaro, Mkarmeli kutoka Italia. Akamweleza nia yake. Beccaro akaipeleka kwa Askofu Bernardine Baccinelli, Mwitalia na Mkarmeli pia, aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Varapuzha, yaani askofu anayeongoza eneo kwa niaba ya Papa. Ndiye aliyetoa kibali, nao wakapokelewa kama Utawa wa Tatu wa Karmeli Pekupeku, yaani moja ya matawi ya Karmeli.

Mwanamume wa tatu ni mzawa: Padre Kuriakose Elias Chavara, aliyezaliwa 1805 Kainakary, ndani ya Kuttanad, mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari. Huyu na wenzake wawili, Thoma Palackal na Thoma Porukara, ndio walioanzisha shirika la kwanza la watawa wa kiume wazawa, Mannanam, 1831. Mwaka 1861 alipewa umakamu wa askofu kwa Wakristo wa mapokeo ya Kisiria, kipindi ambacho askofu mmoja aliyeitwa Rokos alitua kutoka Mesopotamia na kuligawa kanisa vipande viwili. Mwaka 1864 Chavara akahamia Koonammavu, na alikaa huko hadi kifo chake Januari 1871.

Kwa hiyo 1866 pale kijijini palikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: mwanamke mwenye nia na mali ya familia, mwungamishi mwenye mlango wa askofu, na mzee wa nchi mwenye uzoefu wa kujenga nyumba za watawa. Toa kimoja, hakuna konventi.

Mpinga_Nira

Hadithi tamu. Ila tuambizane ukweli: Utawa wa Tatu wa Karmeli, askofu Mwitalia, mwungamishi Mwitalia, kibali cha Mwitalia. Hapo uzawa uko wapi? Mjane katoa mali, wazungu wakaweka muhuri. Sisi tunaijua hiyo.

Binti_Limuru

Mpinga_Nira tulia kidogo, linganisha na mfano mwingine ndiyo utaona tofauti.

Mimi nimesoma kwa masista wa Loreto hapa Kenya, kwa hiyo historia yao naijua. Loreto walitua Kolkata tarehe 30 Desemba 1841, wakitoka Rathfarnham, Dublin, baada ya miezi minne baharini. Kundi la wanawake vijana wa Kiairishi, kiongozi wao Delphine Hart ana miaka 20 na kitu tu. Januari 1842 wakafungua shule Middleton Row, kwenye jumba ambalo kabla yao lilikaliwa na wakubwa wa Kampuni ya Mashariki ya India na jaji mkuu Elijah Impey. Waliwahudumia kwanza watoto wa Kizungu na machotara, na mayatima wa askari wa Kiairishi. Kipindupindu kiliwapukutisha. Nawaheshimu sana, ujasiri wao si mchezo.

Shirika hilohilo ndilo lililokuja Nairobi 1921 na kufungua shule ya Msongari. Msichana Mwafrika hakuingia huko. Alisubiri hadi 1936 ilipofunguliwa Limuru, ndiko Wangari Maathai alikosoma baadaye. Mnaona mtindo? Unaanza na jumba la mjini na watoto wa watawala, kisha polepole unashuka kwa wenyeji.

Koonammavu, kama Mwana_Kigango anavyosema, mambo yalianzia chini. Msichana wa kwanza kuingia bwenini alikuwa wa kijiji cha jirani, anaongea Kimalayalam, lugha ya Kerala, na aliyempokea alikuwa shangazi wa mtu anayemfahamu.

Mpinga_Nira

Binti_Limuru hapo nimekuelewa. Muhuri bado ni wa Mwitalia lakini.

Mwana_Kigango

Muhuri ni wa Mwitalia, na subirini 1890, mtaona muhuri unavyouma.

Tuje shuleni kwanza. Mwaka 1867 masista walihama kibanda cha mianzi wakaingia jengo la kudumu. Mwaka 1868 wakafungua shule na bweni la wasichana. Kusoma na kuandika, katekisimu, kushona, kazi za mikono kama kutengeneza rozari. Mtu wa leo anaweza kucheka: kushona? Lakini msichana aliyeshona alikuwa na cha kuuza, na rozari ilikuwa na soko kila parokia. Ndiyo namna konventi ya maskini ilivyojilisha.

Na bweni lilikuwa na mantiki yake. Nchi ile usafiri ni mtumbwi. Binti wa miaka minane hawezi kuvuka vijito viwili kila asubuhi peke yake, na hakuna baba atakayekubali. Ukiwa na bweni lenye wanawake tupu, geti limefungwa, baba anakosa kisingizio. Nadhani bweni liliwapata wasichana wengi kuliko mahubiri yoyote kuhusu faida ya elimu.

Mwl_Kashaga

Uzi mzuri. Naongeza mawili kama mwalimu mstaafu wa historia, maana najua muda si mrefu atatokea mtu humu kuandika kwamba Koonammavu ndiyo shule ya kwanza ya wasichana Kerala.

Moja: haikuwa. Waprotestanti walitangulia kwa karibu miaka 50. Amelia Baker alikuwa anafundisha wasichana Kottayam tangu karibu na 1820, na Martha Mault alikuwa Nagercoil, kusini ya Travancore, ufalme wa zamani wa eneo hilo, akiwafundisha wasichana kusoma na kusuka lesi, miaka hiyohiyo. Na kabla ya hapo, 1817, Malkia Gowri Parvathi Bayi wa Travancore alishatoa tamko kwamba serikali igharimie elimu. Koonammavu ni ya kwanza kwa aina yake: shule na bweni la wasichana chini ya masista wazawa. Hilo linatosha, halihitaji chumvi.

Mbili: wanaompenda Chavara husema 1864 aliamuru kila kanisa liwe na shule pembeni yake, na kanisa lisilotii lifungwe. Ni kweli alitoa amri hiyo. Ila Askofu Baccinelli alishatoa waraka wa shule za parokia 1856. Tofauti ni kwamba waraka wa Baccinelli ulikuwa waraka. Chavara aliweka adhabu, akafuatilia, na akajua chakula kitatoka wapi.

Kobe_Mzee

Chakula kilitoka wapi mwalimu? Hapo ndipo shule zetu zinapokwama.

Mwl_Kashaga

Kobe, hili nilikuwa nalifundisha hata lisipokuwa kwenye mtaala. Chavara alitaka watoto wa tabaka la chini kabisa, wale walioitwa wasioguswa, waje shule. Kuwaita ni rahisi, lakini mtoto yule kwao alikuwa nguvu kazi. Akija shule, nyumbani kunakosekana mkono mmoja na chungu kimoja. Kwa hiyo wakaanzisha utaratibu uitwao pidiyari. Kila mama wa nyumba, anapopima mchele wa kupika, anatoa konzi moja anaiweka kwenye chombo cha pembeni. Mwisho wa wiki kikundi cha parokia kinapita kukusanya. Mchele ule ndio uliopikwa mchana shuleni.

Tazama ujanja wake. Hakuna aliyeombwa fedha, maana fedha wengi hawakuwa nayo. Konzi moja kwenye chungu cha watu sita haionekani. Na anayetoa ni mama, si baba, tena jikoni kwake, bila kikao. Nyumba mia mbili zikifanya hivyo kwa siku saba, mna gunia na zaidi. Mimi nilipokuwa mwalimu mkuu tulipitisha daftari la mchango wa uji, shilingi kadhaa kwa mwezi. Mwezi wa pili daftari lilikuwa na majina ya walimu tu.

Fundi_Chapa

Huyo Chavara si ndiye mwenye mashine ya kuchapia ya mgomba? Niliwahi kusikia kwa padre mmoja wa Kihindi tuliyekuwa tunamchapia kadi.

Mwana_Kigango

Ndiye, mkuu. Mannanam, 1846. Wakatoliki wa Kerala hawakuwa na kiwanda cha uchapaji chao. Chavara alikwenda Trivandrum kwenye kiwanda cha serikali, akaiangalia mashine kwa macho tu, akarudi na kutengeneza mfano wake kwa shina la mgomba. Halafu akampa seremala mfano ule, naye akatengeneza mashine yenyewe kwa mbao. Kiwanda hichohicho ndicho kilichochapa toleo la kwanza la gazeti la Nasrani Deepika mwaka 1887.

Fundi_Chapa

Shina la mgomba kwa mfano si upuuzi, nawaambia kifundi. Linakatika kwa kisu cha jikoni, unapunguza kidogo kidogo ukilinganisha, ukiharibu unakwenda shambani kukata jingine. Ubaya wake linanywea haraka. Seremala lazima apime vipimo siku hiyohiyo, kesho yake limeshapinda.

Mama_Jeni

Nyie mmehamia kwenye mashine, mimi bado niko kwa Anna. Mama mjane ana mapenzi yake na Mungu, sawa. Mama mdogo naye sawa. Binti wa miaka 15 ambaye maisha yake yote amelelewa na mama anayesali kutwa, kweli alichagua? Namuuliza mwenye uzi bila kumkosea adabu.

Mwana_Kigango

Hujanikosea. Siwezi kuingia moyoni mwa msichana wa 1866. Ninachoweza kusema ni hiki: chaguo la upande wa pili lilikuwa kuolewa na mtu aliyechaguliwa na wakubwa, kama mama yake alivyoolewa akiwa na miaka kama hiyohiyo. Kati ya milango miwili, huu wa konventi ndio pekee ambao mwanamke wa ukoo wake alikuwa ameufungua kwa mkono wake. Na Anna hakutoka. Miaka 24 baadaye, ilipofika siku ya kuondoka Koonammavu, aliondoka na mama yake, lakini wakiwa bado masista.

Ndiyo, waliondoka. Tuje huko.

Kwa wasiojua: Wakatoliki wa Kerala si kundi moja. Wapo wa mapokeo ya Kisiria, wanaojihesabu tangu Mtume Thomas, ambaye kwa simulizi yao alifika mwaka 52. Na wapo wa mapokeo ya Kilatini, wengi wao jamii za pwani zilizoingia au kupangwa upya wakati wa Wareno. Wote wanamtii Papa, ila misa tofauti, lugha ya ibada tofauti, na kwa muda mrefu hata kuoana ilikuwa kesi. Eliswa, Anna na Thresia walikuwa Walatini. Clara alikuwa Msiria. Kibanda cha mianzi kilikuwa na wote wawili tangu siku ya kwanza, na wasichana wa pande zote walijiunga.

Mei 1887 Roma ikatenganisha utawala: Wasiria wakapewa vikarieti zao wenyewe, yaani maeneo yao ya utawala wa kanisa, Kottayam na Trichur. Walikuwa wamedai haki hiyo muda mrefu na walistahili. Lakini mkigawa kanisa, mnagawa na nyumba. Ikaja hoja: konventi ya Koonammavu ni ya nani? Jibu lililotoka juu likawa ni ya Wasiria. Tarehe 17 Septemba 1890, Eliswa, Anna na Thresia walifungasha wakaondoka kwenye nyumba waliyoianzisha. Eliswa alikuwa anakaribia miaka 59. Wakapokelewa Varapuzha, wakaanza upya pale, na Eliswa akafia hukohuko 18 Julai 1913.

Mti mmoja ukatoa matawi mawili. Waliobaki Koonammavu ndio leo masista wa Mama wa Karmeli, shirika kubwa lenye watawa zaidi ya 6,000. Walioanza upya Varapuzha ndio Wakarmeli wa Mtakatifu Teresa.

Na hapa ndipo muhuri unapouma, Mpinga_Nira. Ukiwauliza wa tawi la kwanza nani mwanzilishi, wanakwambia ni Mtakatifu Chavara, pamoja na Padre Beccaro. Ukiwauliza wa tawi la pili, wanakwambia ni Mama Eliswa. Ni siku moja, nyumba moja, tarehe moja.

Mpinga_Nira

Na wewe unasemaje? Usijifiche nyuma ya "wanasema".

Mwana_Kigango

Sijifichi. Mimi naona Eliswa ndiye mwanzilishi, na Chavara ndiye aliyewezesha. Sababu yangu ni ya kawaida kabisa: nia ilikuwepo kabla ya mapadre. Chavara alihamia Koonammavu 1864. Eliswa alikuwa anaishi hivyo tangu miaka ya 1850, bila kanuni, bila vazi, bila ruhusa ya mtu. Mapadre walikipa kitu kile umbo na sheria.

Tatizo lake ni kwamba baada ya 1890 aliondoka, na anayeondoka hukosa mtu wa kutunza kumbukumbu zake ndani ya nyumba. Waliobaki walikuwa na jengo, daftari na mwanzilishi mwingine aliyekuwa wa mapokeo yao. Sioni njama. Ukikaa na wanovisi, wale wanaoanza utawa, kila mwaka ukiwasimulia mwanzo wa nyumba, utamtaja yule ambaye picha yake iko ukutani.

Kanisa lenyewe limewapa wote nafasi. Chavara alitangazwa mwenyeheri Kottayam, Februari 1986, na Yohane Paulo II, kisha mtakatifu 23 Novemba 2014. Mama Eliswa ametangazwa mwenyeheri Novemba 2025 Vallarpadam, ng'ambo tu ya Kochi. Kati ya Chavara kutangazwa mwenyeheri na Eliswa kutangazwa mwenyeheri, imepita miaka karibu 40.

Mwl_Kashaga

Sikubaliani nawe kwa asilimia zote. Ukitumia kipimo cha nia, basi kila mjane mcha Mungu ni mwanzilishi wa shirika. Shirika ni kanuni, kiapo, mkuu, na mahali. Bila Chavara na Beccaro, Eliswa angebaki mwanamke mwema wa Vakayil, tusingemjua. Tena Chavara alikuwa ameshawaza nyumba ya watawa wa kike kabla, hakusubiri kuambiwa na mtu.

Ila nakubali hoja yako ya 1890. Mtu aliyekuwa mkuu wa kwanza wa nyumba ile kuambiwa afungashe kwa sababu ya misa anayosali ni jambo zito.

Tunu_wa_Kirua

Mimi msomaji wa kimya, leo nimeshindwa. Hesabu za sekondari nilifundishwa na sista kutoka Kerala. Mfupi, miwani mikubwa, akikasirika anahamia Kimalayalam. Darasa zima tulikuwa tunaamini anatutukana. Alitupangia daftari mbili, moja ya kukosea na moja ya kunakili safi, na iliyokuwa inakaguliwa kwa ukali ni ile ya kukosea. Akiikuta nyeupe alikurudisha: "Hujafanya kazi wewe, umeiba."

Hiyo shule ya Koonammavu, huyo mtakatifu aliyetoka ni nani? Mwenye uzi umetaja mwanzoni ukapita.

Mwana_Kigango

Asante Tunu. Ni Euphrasia Eluvathingal. Alizaliwa Oktoba 1877 Kattoor, familia yenye ardhi. Baba yake alitaka aolewe kwenye ukoo tajiri, binti akataka utawa, wakavutana mpaka baba akalegea. Mwaka 1888, akiwa na miaka 10 au 11, akapelekwa bweni la Koonammavu. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi pale siku ile ya Septemba 1890 Mama Eliswa alipoondoka. Fikirini mtoto wa miaka 12 akiona masista waanzilishi wanatoka getini.

Alikuwa mgonjwa mgonjwa, nusura arudishwe nyumbani kwa sababu ya afya. Mwaka 1897 konventi mpya ya Ambazhakad ilipofunguliwa akahamia huko, akawa sista, na sehemu kubwa ya maisha yake ikapita Ollur. Alitangazwa mtakatifu siku ileile moja na Chavara, Novemba 2014. Mwanafunzi wa bweni na mzee wa bweni, misa moja.

Binti_Limuru

Usisahau Ernakulam. Mwaka 1887, ng'ambo fupi tu kutoka Koonammavu, Grace D'Lima, mwalimu mzaliwa wa Madras aliyeitwa Mama Teresa wa Rosa wa Lima katika utawa, alianzisha konventi na shule ya Mtakatifu Teresa. Akafa 1902 kwenye ajali ya treni. Yaani miaka 20 tu baada ya kibanda cha mianzi, eneo lile lilikuwa limeshachemka.

Na matokeo yanaonekana. Sensa ya India ya 2011: wanawake wanaojua kusoma na kuandika Kerala ni asilimia 92, India nzima asilimia kama 65. Sisemi ni masista peke yao, mwalimu Kashaga ameshatutajia malkia na Waprotestanti. Baadaye kuna mageuzi ya matabaka na serikali za mrengo wa kushoto. Ila kipande cha masista kimo.

Mpinga_Nira

Sawa, leo nimeelimika. Ila bado nataka mtu aniambie kwa nini nchi yenye Wakristo wanaojihesabu tangu mwaka 52 ilingoja hadi 1866 kupata konventi ya wanawake.

Mwana_Kigango

Swali zuri. Sehemu ya jibu ni Wareno. Walipofika waliwakuta Wakristo wale na askofu wao kutoka Mesopotamia, wakawashuku. Mwaka 1599 sinodi ya Udayamperoor, yaani mkutano wa kanisa, ikawabana kufuata Kilatini. Mwaka 1653 wakakusanyika Mattancherry na kuapa kutowatii tena mapadre wa Kijesuiti. Tangu hapo karne mbili zilikwenda kwa kugombania maaskofu. Kanisa linalogombania askofu halina muda wa kujenga nyumba ya wanawake. Na nyumba hiyo inahitaji mtu wa kuitetea ukoo unapokuja kudai binti yao aolewe.

Mzenji_Muscat

Assalaam aleikum jamaa. Mimi Muislamu lakini nimesoma uzi wote tangu alfajiri, nikakosa basi la kazini.

Kwanza mjue hao Wareno njia ya Kerala walionyeshwa kwetu: 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi, akavushwa mpaka Calicut. Kwa hiyo lawama za 1599 na sisi tunagawana kidogo.

Pili, hapa Muscat nafanya kazi na Wamalayali wawili, watu wa Kerala, ofisi moja. Mmoja ni Mlatini wa Vypin, mwengine Msiria wa upande wa Thrissur. Wakati wa chakula nikawauliza tu, bila nia mbaya: konventi ya Koonammavu mwanzilishi wake nani? Wa Vypin akasema Eliswa kabla sijamaliza swali, tena akadai bibi yake anatoka ukoo wa karibu na ule. Wa Thrissur akasema Chavara, na shangazi yake ni sista wa shirika hilo, kwa hiyo asibishiwe. Wameendelea mpaka mapumziko yamekwisha, sasa hivi kila mmoja yuko kwenye simu, mmoja anampigia shangazi, mwengine anatafuta picha za Vallarpadam za mwaka jana.

Wa Thrissur ameniuliza aliyeandika uzi huu ni Mlatini au Msiria. Nimemwambia ni mtu wa kigango tu Tanzania. Hajaamini, anataka nimtafsirie uzi wote jioni, na amesema shangazi atatuma majibu yake kwa maandishi. Mwana_Kigango jitayarishe.

Kobe_Mzee

Shangazi akituma, wekeni hapa hapa msifungue uzi mwingine.